Mwenye Hatua Fupi Atangulie

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja alfajiri, Mama Latifa hunipigia simu. Haulizi kama nimeamka. "Mwanangu, viazi umeshachemsha?" Nikijibu ndiyo, anakata. Nikijibu bado, hakati mpaka asikie sufuria ikigonga jiko.

Tuko saba. Mama Latifa ana miaka 56 na anakaanga chapati na sambusa karibu na stendi ya taksi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Yupo Nesi. Yupo Mwalimu, anayefundisha jiografia. Yupo Fundi, mchomelea vyuma, na mpwa wake tunayemwita Kadogo, anayeendesha boda. Yupo Dereva, mtu wa malori ya Mombasa na Kampala, anayeungana nasi akiwa yuko nyumbani. Wa saba ni mimi, ajenti wa mizigo pale Malaba, mpakani na Kenya, mtu wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima nikijaza fomu za forodha huku foleni ya malori ikinguruma dirishani.

Tunaongea Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine inayotuenea sote. Katika sisi saba kuna Mjapadhola, Mteso, Mgisu na Mnubi, na mimi nimezaliwa kambi ya jeshi ya Rubongi, baba Mlugbara, mama Msamia. Wazazi wangu walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa hicho hicho.

Mwanzo wa yote ulikuwa kipimo cha presha. Sisi ni wanachama wa kikundi kimoja cha akiba, na Jumapili moja Nesi alikuja na mashine yake akatupima mmoja mmoja baada ya kuhesabu hela. Ya Mama Latifa ilisoma 170 kwa 100. Akarudia kupima, ikawa vile vile. Wiki iliyofuata daktari alimwandikia dawa na kumwambia atembee. Alipotueleza, aliuliza, "Sasa mtu mzima kama mimi nitatembea wapi peke yangu, watu si watadhani nimepotea?" Sote tukasema tutatembea naye. Nalitaja hili mapema makusudi. Kikundi hiki cha kupanda vilima kilianzishwa kwa ajili ya Mama Latifa, na mtu tuliyekuja kumwacha nyuma mlimani ni yeye huyo huyo.

Kilima cha kwanza hakikuwa na mjadala. Ukiishi Tororo, Mwamba unakutazama ukiamka na ukilala. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya mji, na umesimama peke yake kwenye tambarare kama jino lililobaki. Mwalimu anasema ndivyo hasa ulivyo: ni koo la volkano ya zamani sana, uji wa moto ulioganda ndani ya koo ukawa mgumu, kisha mlima wenyewe ukamomonyoka kwa mamilioni ya miaka mpaka koo likabaki wazi. Chokaa ya vilima vyetu ina asili hiyo hiyo ya moto, na ndiyo iliyoanza kulisha kiwanda cha saruji miaka ya 1950.

Mama yangu hakujua habari za volkano, lakini alikuwa anausoma Mwamba kama watu wanavyosoma saa. Ukungu ukiuvaa asubuhi, hatandazi muhogo. Ukungu ukiondoka kabla hajamaliza kufagia, anatandaza. Wazee wa Kiteso wanasema jina la mji lenyewe limetoka kwenye huo ukungu, *etororo*. Nimekua nikiutazama kwa miaka zaidi ya thelathini bila kuupanda hata mara moja. Siku tulipoupanda kwa mara ya kwanza, mwaka 2022, nilikaa juu nikautafuta mji wetu wa utotoni pale Rubongi, nikauona mdogo kama kiberiti, na nikasikitika kwamba mama amefariki bila kuuona Mwamba wake kutoka upande wa juu.

Baada ya hapo tukawa hatushikiki. Tulikwenda Nyero, wilaya ya Kumi, ambako kuna miamba mikubwa ya matale yenye michoro ya kale, maduara mekundu ndani ya maduara mengine, kazi ya watu walioishi pale kabla ya Wateso kufika. Tulikwenda Nabugoye, kilima kidogo nje ya Mbale, kwenye sinagogi la Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kilima chenyewe hakichoshi, ni matembezi tu, lakini nenda. Tukaenda Sipi, kwenye maporomoko ya maji, tukarudi na tope mpaka kwenye nyusi. Na kila mahali mpangilio ulikuwa ule ule bila yeyote kuupanga: mbele Kadogo, Fundi na mimi, katikati Mwalimu na Dereva, kisha Nesi, na mwisho kabisa Mama Latifa na leso yake ya kijani.

Septemba 2023 tukaenda Wanale.

Kwa asiyeijua, Wanale ni mgongo wa mlima uliochomoza kutoka Mlima Elgon ukaja kusimama juu ya mji wa Mbale kama ukuta. Juu ni zaidi ya mita 2,000. Wakati wa mvua utaona kutoka mjini nyuzi nyeupe zikining'inia kwenye ule ukuta, nazo ni maporomoko ya maji. Ukiwa pale mnara wa saa na soda mkononi, ni kitu cha kupendeza mno. Kuna barabara ya gari ya kufika juu, lakini wenyeji hutumia njia za miguu, na sisi tulitaka ya miguu.

Tulitoka Tororo kwa taksi saa kumi na mbili, kilomita 45 hivi, tukachukua boda mpaka lami ilipoishia, na saa moja na nusu tulikuwa tunapanda. Njia inaanza taratibu katikati ya migomba na kahawa. Watoto wanakuamkia, "Mulembe!" nawe unajibu "Mulembe!" Kisha migomba inapungua, ardhi inasimama, na unaanza kushika mizizi na mawe. Wakati huo watu wanashuka. Akina mama wenye mkungu wa matoke kichwani, vijana wenye magunia ya kabichi na vitunguu, wengine wamevaa lugabire za tairi, wengine pekupeku. Hawakimbii, na wala hawakai chini kupumzika. Nilipishana na mama mmoja ambaye mkungu wake ulikuwa mkubwa kuliko kifua changu, na shingo yake haikutikisika.

Sisi watatu wa mbele tulikuwa na nguvu za asubuhi. Tulipanda, tukafika kwenye jiwe kubwa, tukakaa, tukanywa maji, tukacheka, tukapiga picha. Baada ya dakika kumi hivi Mwalimu na Dereva wakatokea, wakakaa dakika tano. Kisha Nesi. Mwisho kabisa ikatokea leso ya kijani. Mama Latifa alipofika kwenye jiwe, sisi tulikuwa tumeshapoa, tumechoka kukaa. Tukasimama. "Haya, twende!" Tukaenda.

Tulifanya hivyo mara nne. Sikuiona hesabu yake siku ile, nimekuja kuiona baadaye nikiwa kitandani sipati usingizi: mimi nilipumzika mara nne, Mama Latifa hakupumzika hata mara moja. Sisi wenye mapafu mazuri tulikuwa tunalala kwenye mawe tukimsubiri, na yeye mwenye presha na magoti mabovu ndiye aliyekuwa anapanda mfululizo. Kila alipotufikia tulimwondolea kituo.

Tulifika juu saa sita kasoro. Kulikuwa na baridi. Kadiri unavyopanda hewa inapoa, nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000, na tulikuwa tumeacha joto la Mbale chini kabisa. Mbele yetu mji wote, paa za mabati zikimetameta, na tambarare ya Teso ikipotea kwenye vumbi la mbali. Tulipanga kuendelea mpaka pango la Khauka, ila nyuma yetu, upande wa Elgon, mawingu yalikuwa yamejikusanya yakawa meusi kama masizi. Tukala viazi harakaharaka. Mama Latifa hakula. Alisema ameshiba hewa. Nesi alimwangalia, mimi pia nilimwangalia, na hakuna aliyeuliza tena.

Saa saba ngurumo ikapiga.

Watu wa upande huu hawachezi na mvua ya mlima, na wana sababu. Machi 2010 mlima ulimeguka Nametsi kule Bududa ukafukia watu. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku ikaingia Mbale yenyewe, tena mji ulipata maji mengi kuliko mvua iliyoonekana mjini, kwa sababu yalikuwa yameshuka kutoka huku huku juu. Kwa hiyo wazo la kushuka mapema lilikuwa zuri. Namna tulivyoshuka ndiyo iliyokuwa mbaya. Tulikimbia. Kila mtu alijua mvua inakuja, kila mtu akashuka kwa uwezo wake. Mwalimu alidhani Mama yuko na Nesi. Nesi, ambaye aliteleza, akapitwa, kisha akaamka na kuendelea kushuka, alidhani Mama amemtangulia akiwa na Dereva. Mimi nilikuwa mbele na sikudhani chochote.

Mvua ilitukuta kwenye migomba. Tukajibanza kwenye kibaraza cha duka moja lililofungwa, tunatweta, tunakamua mashati. Fundi ndiye aliyehesabu. Akahesabu mara ya pili kwa kutugusa mabega, kama mtoto anavyohesabu mbuzi. Tulikuwa sita.

Nikapiga simu. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Sitasahau jinsi njia ile ilivyokuwa imegeuka wakati mimi na Fundi tunairudia. Asubuhi ilikuwa njia. Saa tisa alasiri ulikuwa mfereji wa maji mekundu, na udongo ule wa Wanale ukilowa unakuwa kama sabuni: unaweka mguu, unaondoka na mguu. Zile nyuzi nyeupe zinazopendeza kutoka mjini, ukiwa chini yake unasikia mawe yakigongana ndani ya maji. Tulikuwa tunaita, "Mama! Mama Latifa!" na mvua inatumeza sauti.

Tulimkuta saa kumi na ushei chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Amekaa, goti la kulia limevimba, amelifunga na ile leso ya kijani. Pembeni yake amekaa mama mmoja wa pale pale mlimani, mwenye umri kama wake, na mkungu wa matoke umeegemezwa ukutani. Mama yule alikuwa anashuka kwenda sokoni, akamkuta Mama Latifa ameanguka, akatua mzigo wake, akamsogeza pasipolowa, akakaa. Alikuwa amekaa naye zaidi ya saa moja. Matoke yake hayakufika sokoni siku ile.

Nilipiga magoti mbele ya Mama nikamshika mikono. Nilitaka kusema samahani, nikashindwa kutoa sauti. Yeye ndiye aliyeongea, tena kwa upole. "Nilikuwa nawasikia mnacheka kule chini. Nikajua nitawafikia. Sikutaka kuwaita, nisije nikawaharibia siku."

Mama wa mlimani ndiye aliyetushusha. Alikata fimbo ya mti, akampa Mama Latifa mkono wa kushoto, yeye akashika wa kulia, akatuonyesha kwa vitendo maana Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache: mguu uwekwe kwa upande, sio vidole mbele. Hatua iwe fupi, fupi kuliko unavyodhani. Usiurushe mguu kwenda kuitafuta ardhi, uushushe tu pale pale chini yako. Magoti yalegee. Na kichwa: akajigonga kichwani kwa kiganja mara mbili, "Mzigo hapa. Tembea na mzigo." Mama Latifa akainua kidevu, akanyoosha shingo kama aliyebeba maji, akashuka. Fundi alibeba matoke. Tulifika chini saa moja na nusu usiku kwa mwanga wa simu, na Nesi aliyekuwa anatusubiri kwenye kibaraza alimkumbatia Mama akalia kwa sauti.

Oktoba simu ya alfajiri haikulia. Novemba haikulia.

Nilikwenda kwenye meza yake ya chapati siku moja ya Jumatano, nikakaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa anasukuma donge kwa kile kifimbo chake kilichokwisha katikati kwa miaka ya kusukuma. Hakuacha kusukuma. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyahesabu kitandani: vituo vinne, na yeye sifuri. Nikamwomba msamaha. Alikunja chapati, akaipaka mafuta, akaigeuza mara mbili kabla hajajibu.

"Mlima sikuuacha mimi," alisema. "Nauogopa kidogo, lakini sikuuacha. Nilichoogopa ni kusikia tena mnacheka mbali."

Dereva alikuwepo, anakunywa chai. Aliweka kikombe chini akasema kwamba wao wakipanda mlima malori matatu au manne pamoja, mwenye mzigo mzito ndiye anayewekwa mbele. Akipunguza, wote wanapunguza. Akikwama, wote wanamwona. Ukimweka nyuma, utakuja kujua amekwama ukiwa umeshafika mji mwingine. Aliongea kama anaeleza jambo ambalo kila mtu analijua, na nadhani kila dereva analijua kweli. Mama Latifa akafuta mikono kwenye aproni. "Basi mimi nitangulie."

Desemba tukarudi kwenye Mwamba, ili tujaribu mpango huu karibu na nyumbani. Sheria zilikuwa chache. Mama Latifa mbele, na hakuna wa kumpita kwa sababu yoyote, hata ya picha. Akisimama yeye, tumesimama. Akiketi, tumeketi, na yeye ndiye anayesema twende. Kadogo, mwenye miguu kuliko sote, awe wa mwisho na abebe begi la dawa, bandeji na maji ya ziada. Nesi aliongeza moja ambayo naiona ndiyo ya maana kuliko zote: mtu aliyekuwa anapiga soga akinyamaza, tusimame bila kumuuliza. Ukimuuliza atasema yuko sawa. Mama alisema ameshiba hewa.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa ngumu kwangu, nakiri. Mwili wangu ulizoea kusukuma. Hatua za Mama ni fupi kama za mtu anayepima kiwanja, na amezifanya kuwa fupi zaidi tangu Wanale, mguu wa upande, kidevu juu. Nilikuwa nakanyaga kisigino cha mbele yangu. Halafu pumzi ikakaa sawa, na nikagundua kwamba naweza kupanda na kuongea bila kukatika. Tulianza kuongea wote. Nimeupanda Mwamba mara tano na sikuwahi kuona kwamba wale mijusi wenye vichwa vyekundu wana kawaida ya kupiga pushapu juu ya mawe wanapotuona. Kadogo, kutoka mkiani, akamuuliza Mwalimu mawe haya yana umri gani, Mwalimu akaeleza, Kadogo akauliza tena swali la ndani zaidi, na Mwalimu akageuka kumtazama. "Uliishia darasa gani?" Kijana akasema Sinia ya Pili, yaani kidato cha pili, karo ilikwisha. Tumekuwa naye karibu miaka miwili, tumekula viazi chungu kimoja, na hakuna aliyekuwa analijua hilo isipokuwa mjomba wake. Watu wa mbele na watu wa katikati huwa hawaongei. Mpaka tunashuka jioni, wawili hao walikuwa wameshapanga siku za masomo.

Karibu na kilele mwamba unasimama wima na kuna ngazi. Mara zote nilizopanda na Mama tulimwacha chini ya ngazi, akatuchungia mabegi. Alikuwa anasema yeye hapo panamtosha. Siku ile alikuwa mbele, kwa hiyo alifika kwenye ngazi akiwa wa kwanza, na nyuma yake foleni ya watu sita ambao hawaruhusiwi kumpita.

Alisimama akaitazama. Akavua leso begani akaifunga kiunoni, fundo mara mbili. Akafuta kiganja cha kulia kwenye gauni, akafuta cha kushoto. Akashika kipago. Niliviona vidole vyake kwa karibu, vina alama za mafuta ya moto za miaka mingi, madoa madogo meupe, na kucha alizozikata fupi jana yake kwa sababu Nesi alisema zisipokatwa za miguuni zitaumia wakati wa kushuka. Akasema bismillahi, akapanda kipago cha kwanza. Akasema bismillahi, akapanda cha pili. Hakuruka hata kimoja bila kukisomea. Fundi, ambaye anajua vyuma, aliishika ngazi kwa chini na macho yake hayakutoka kwenye nyayo zake. Hakuna aliyesema "jitahidi" wala "karibu unafika." Tulikaa kimya kama watu walio msikitini.

Alipofika juu hatukumwona tena, tukasikia tu sauti yake: "Haa! Kumbe Kenya ni pale pale tu!"

Ilituchukua saa moja na dakika arobaini. Zamani mimi na Kadogo tulitumia dakika hamsini. Hewa ilikuwa safi. Elgon upande wa kaskazini-mashariki ilikaa kama mnyama aliyelala, upana wake wote ukionekana kuliko urefu. Upande wa mashariki vilima vya Kenya, malori ya Malaba kama mstari wa siafu, reli ikifika Tororo na kugawanyika, mkono mmoja ukielekea Mbale na Soroti. Kusini kabisa kulikuwa na mstari wa fedha ambao Mwalimu alisema ni Ziwa Viktoria. Mama Latifa alimwonyesha Nesi meza yake ya chapati, au mahali ilipo, kisha akakaa akala viazi vitatu.

Januari, kiangazi kilipokaa vizuri, tukarudi Wanale. Yeye ndiye aliyeitaka. Tulibeba chapati kumi na mbili zilizofungwa kwenye jani la mgomba na doti ya kanga aliyoinunua mwenyewe, na tulipanda kuanzia saa moja, Mama mbele, njia ikiwa kavu na ngumu kama sakafu. Tulikuwa tunamuulizia mama wa matoke kwa kila tuliyepishana naye, kwa kueleza tu: mama wa umri huu, alimsaidia mgeni siku ya mvua kubwa. Mtoto mmoja wa kike alituelewa. Akatupeleka kwenye nyumba iliyo kwenye bega la mlima, na uwanjani kulikuwa na kahawa imeanikwa kwenye mkeka, na yule mama anaichambua, za kijani anatupa huku, nzuri huku.

Alimtambua kwanza kwa leso. Walishikana mikono kwa muda mrefu wakisalimiana, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha akachungulia nyuma ya Mama Latifa, akatuona sisi sita kwenye mstari, na akauliza jambo kwa Kigisu. Dereva, ambaye ni mtu wa huko, akatafsiri: anauliza kama hawa ndio wale wale.

"Ndio hao," alisema Mama Latifa. "Nimekuja nao."

Tulikunywa kahawa ya kuchemshwa na tangawizi, tukala chapati, na wawili hao wakachambua kahawa pamoja kwa nusu saa wakati sisi tumekaa kwenye kivuli. Hakuna aliyemharakisha. Mama aliposimama, tulisimama.

Mwezi ujao ni Nyero tena, maana Kadogo anataka kuyaona yale maduara mekundu kwa macho ya mtu anayesoma. Ukiwa Tororo na unataka kuja, tunakutana stendi ya taksi saa kumi na mbili asubuhi, mezani kwa Mama Latifa. Njoo na lita moja na nusu ya maji, raba zenye meno, kofia, na kitu cha kuchangia chakula: njugu za kuchemsha, mayai, chochote isipokuwa viazi. Viazi ni vyangu, na saa kumi na moja simu italia.